Wanne Waliotutoka

Kipindi chetu kina sharti moja, na sharti hilo ni langu. Mgeni akiingia, maneno ya kitaalamu anayaacha mlangoni. Awe profesa, awe daktari bingwa, akishakaa mbele ya maiki yangu atasema Kiswahili ambacho shangazi yangu atakielewa huku anafua. Akiteleza, fundi mitambo wetu, ambaye kila mtu anamwita Masikio, anagonga kioo kwa kalamu, na mgeni anaanza upya. Wengine hununa. Kununa kwao hakunipunguzii usingizi. Kazi yetu ni kuwahoji watafiti wa magonjwa ya akili na kuwapelekea watu majibu kwenye simu zao, na mtu mwenye mgonjwa nyumbani hana muda wa kufungua kamusi.

Najua kwa sababu mgonjwa ninaye. Ni kaka yangu, tumezaliwa tumbo moja, yeye mkubwa na mimi ninayemfuata. Tangu wazazi watutoke tunaishi pamoja, yeye, mimi na mume wangu. Kaka ni mchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaa wetu yana herufi zake, na ukuta wa nyuma ya soko una USIKOJOE HAPA yake, iliyoandikwa kwa ustadi kiasi kwamba watu husimama kuisoma kwanza ndipo wakojoe.

Kisha zikaja sauti. Yote sitasimulia. Itoshe kusema kwamba aliondoka nyumbani pekupeku, tukamtafuta mpaka tukachoka kutafuta, na nilipompata alikuwa mji mwingine kabisa, amekaa chini ya nguzo ya umeme, nyayo zimepasuka, ananiuliza mimi ni nani. Mimi, ambaye utotoni alinibeba mgongoni mpaka akapata kibiongo.

Dawa zilimrudisha nyumbani. Dawa hizo hizo zikamnyang'anya mikono. Vidole vinatetemeka muda wote, kikombe cha chai anakijaza nusu, brashi hashiki tena. Analala mchana, ananenepa, anaongea kwa kipimo. Lakini yupo, na mimi nilikuwa nimeshajiambia kwamba kuwepo kunatosha. Mume wangu huzichukua dawa kliniki kila mwezi kwa sababu ni karibu na kazini kwake. Zikifika nyumbani ni zangu. Zinakaa kabatini mwangu, chini ya nguo, na asubuhi na jioni nampa kaka mkononi na kumtazama mpaka ameze. Mume wangu huniita bwana jela. Na aniite. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyoka wangu namjua kwa rangi.

Mwaka jana kidogo atuponyoke tena. Alianza kucheka peke yake akisikiliza redio. Akaacha kulala mchana. Akawa anaimba bafuni, nyimbo za zamani, kwa sauti kubwa, na asubuhi moja nikamkuta nje anaipaka rangi upya namba ya geti la jirani bila kutumwa na mtu. Mtu mwingine angesema amepona. Mimi nilikumbuka kwamba ile mara ya kwanza nayo ilianza kwa kuimba. Nikaficha viatu vyake. Nikafunga geti na ufunguo nikaenda nao kazini. Nikawa nampigia simu kila nikipumzika, na nikiwa nyumbani nasimama nje ya mlango wa bafu nikihesabu maji yanavyomwagika. Baada ya muda akatulia. Kuimba kukaisha, mikono ikarudia kutetemeka. Nikamshukuru Mungu kwa mtetemo ule.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia siku aliponijia jikoni akasema, "Mdogo wangu, ule utafiti wa kupunguza dawa unaanza awamu ya pili. Nataka kuingia."

"Utafiti upi?"

"Wanapunguza dozi pole pole, huku wanakuangalia. Lakini kila mgonjwa aje na msindikizaji, mtu wa nyumbani wa kukaa naye karibu. Nataka uwe wewe."

Utafiti wenyewe niliujua. Ulikuwa kwenye mpango wetu wa kipindi kinachofuata, na daktari mwenye utafiti ule alikuwa ameshakubali kuja. Nikamwambia kaka asubiri nimhoji kwanza huyo daktari wake.

"Nasubiri," alisema. "Ila wanafunga mwisho wa wiki. Na bila wewe hawanichukui."

Hakuniomba mara mbili. Aliitazama mikono yake, akaificha chini ya meza.

*

Studio yetu zamani ilikuwa stoo. Kwenye kuta tumetundika mablanketi, dirishani tumebandika magodoro ya sponji, na kabla ya kurekodi lazima friji la ofisi ya jirani lizimwe kwa sababu linaguna. Daktari alifika na nesi wa kliniki yake. Daktari mwenyewe ni mrefu, viatu vinang'aa, amejifunza Kiswahili ukubwani na vitabuni, kwa hiyo kilikuwa kimenyooka kuliko cha kwetu. Aliniambia "nimeshukuru kwa kukaribika." Masikio akainama chini ya meza akijifanya anatafuta waya.

Nesi aliketi kwenye kigoda pembeni. Mara tu nilipovaa hedifoni nikaona ananitazama, kisha anaangalia pembeni, kisha ananitazama tena. Sipendi kutazamwa hivyo.

Mazungumzo yalianza vizuri. Daktari alieleza kwamba wagonjwa wengi waliopunguziwa dozi kwa uangalifu walibaki salama, na wengine walirudi kwenye kazi zao. Alieleza kwa upole, bila kujisifu, na hilo nalo likanitia shaka, maana mtu asiyejisifu mbele ya maiki ana sababu.

"Umesema wengi," nikamwambia. "Wengi si wote. Hao wengine je?"

Akafungua kinywa na neno la kigeni likatoka, refu kama treni. Masikio akagonga kioo. Daktari akatabasamu, akatazama dari akitafuta Kiswahili chake, akakipata.

"Waliotutoka walikuwa wanne," alisema.

Aliendelea, na uso wake ulikuwa na huzuni.

"Mmoja wao namkumbuka mpaka leo. Alikuwa..."

Nesi akakohoa. Daktari akanigeukia, akanitazama usoni kama mtu aliyeona picha ukutani akaikumbuka. Akachukua glasi ya maji akanywa yote. Kisha akaanza kuzungumzia umuhimu wa usingizi.

Tulipomaliza, alikuja karibu yangu akanong'ona, "Pale kwenye waliotutoka, naomba pakatwe."

"Kwa nini?"

"Si vizuri kwa ndugu zao."

Wakaondoka, nesi mbele, yeye nyuma, na hakuna aliyenipa mkono.

Niliwahi kukata mambo mengi kwenye kipindi hiki. Nimekata vikohozi, simu za wake wa wageni, profesa aliyepiga mbweu katikati ya neno "ubongo". Lakini wafu wanne sijawahi kukata. Nikamwambia Masikio arudishe pale pale. Tukasikiliza, tukarudia, tukarudia.

"Anasema uongo?" nikamuuliza. Masikio hujisifu kwamba anamjua mwongo kwa pumzi tu.

Alifumba macho. "Huyu hasemi uongo, dada," alisema. "Huyu anaficha."

"Tofauti ni ipi?"

"Mwongo hupumua juu juu. Huyu kabana pumzi, sikiliza hapa. Kama mtoto aliyejificha uvunguni."

Nikaona inatosha. Watu wanne wamepunguziwa dawa na wamekufa, daktari anajua, nesi anajua, na sasa wanataka wa tano awe wa kwangu. Nilimkasirikia yule mwanamume.

*

Kesho yake nilimpigia nesi. Nikajifanya nataka kuhakikisha jina la kliniki.

"Na wale wanne," nikasema, kama jambo lililopita tu kichwani. "Ilikuwaje?"

Nilisikia mlango unafungwa upande wake.

"Dada, siwezi kuwazungumzia hao."

"Huruhusiwi?"

"Siruhusiwi kumwambia mtu yeyote," alisema. "Na wewe hasa, siwezi."

"Mimi hasa? Mimi nina nini?"

"Samahani. Nina foleni ya wagonjwa." Akakata.

Wewe hasa! Nikalichukua neno lile nikalizungusha kichwani mchana kutwa. Kwa nini mimi hasa? Kwa sababu ni mtangazaji, nikajijibu. Kwa sababu wanaogopa nitawaumbua. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa tayari kulikuwa na ngurumo.

Jioni nilimsimulia mume wangu, tukiwa wawili chumbani, kaka amelala. Mume wangu ni mtu wa maneno. Ukimwambia bei ya sukari imepanda atakupa historia ya miwa. Siku ile alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika soksi moja mkononi, kisha akasema, "Achana nayo."

"Niachane na wafu wanne?"

"Hujui kama ni wafu."

"Mtu akikutoka anakwenda wapi, sokoni?"

Akavaa soksi. Ilikuwa wakati wa kulala na mtu mzima anavaa soksi. "Mke wangu," alisema, "muulize daktari mwenyewe, kwa utulivu. Halafu kaka yako mpe jibu. Anangoja."

"Wewe unataka aingie?"

"Mimi nataka mlimalize hili."

Aligeukia ukutani. Nilikaa pale nikimtazama mgongo. Miaka yote hiyo mume wangu hajawahi kuniambia niachane na kitu ila siku moja, na siku hiyo alikuwa amegonga gari la bosi wake. Yeye ndiye anayekwenda kliniki kila mwezi. Yeye na yule nesi wanajuana kwa salamu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni, na huyu wangu amevaa mpaka soksi.

*

Daktari alikubali kurudi studio. Nilimwambia kuna sehemu haikusikika vizuri, na huo haukuwa uongo, maana mimi sikuisikia vizuri hata kidogo. Safari hii alikuja peke yake. Nilimwinulia Masikio kidole aanze, taa nyekundu ikawaka, na sikumpa hata nafasi ya kurekebisha kiti.

"Daktari, wale wanne walikufa vipi?"

Aliniangalia. "Nani amekufa?"

"Umesema mwenyewe. Ninayo hapa. 'Waliotutoka walikuwa wanne.'"

"Ndiyo. Wanne." Akainua vidole vinne mbele ya maiki. "Walikuwa nasi, wakachoka, wakatoka. Wametutoka. Hawakumaliza utafiti."

"Kwa hiyo hawajafa."

"Mungu apishe mbali! Wako nyumbani kwao. Wanatumia dawa kama zamani." Akasita. "Kutoka si kutoka? Mtu akitoka darasani, si ametoka?"

Kalamu ilikuwa inagonga kioo mfululizo. Masikio alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanacheka. Hata mimi ningecheka, kama ningekuwa mtu wa kuachia kamba haraka. Nilimweleza daktari kwamba kwetu aliyetutoka huombewa. Akashika kichwa. Akasema ameliandika neno hilo hata kwenye barua ya kuwashukuru wagonjwa, na sasa ameelewa kwa nini watu walimpigia simu kumpa pole.

"Sawa," nikasema. "Hilo la Kiswahili nimelielewa. Lakini siku ile ulipoomba pakatwe hukujua kwamba umekosea neno. Kwa nini uliomba?"

Uso wake ukabadilika.

"Hilo siwezi kukujibu," alisema.

"Naweza kuzima mashine."

"Hata ukizima." Aliweka mikono mezani. "Naweza kukuambia kwa nini waliacha, bila kumtaja mtu. Hawakuacha kwa sababu sauti zilirudi. Walikuwa wanaendelea vizuri. Waliacha kwa sababu ya nyumbani. Mgonjwa akicheka, anaulizwa anacheka na nani. Akinyamaza, anaulizwa anasikiliza nini. Akiamka mapema, nyumba nzima inaamka naye. Mtu hawezi kupona akiwa anaviziwa. Ndiyo maana awamu hii tumebadilisha utaratibu. Msindikizaji hawezi tena kuwa ndugu yeyote tu. Lazima awe yule anayeshika dawa nyumbani, yule ambaye mgonjwa anaogopa kumhuzunisha."

Nilimwambia asante. Moyoni nilikuwa nachemka. Ndivyo walivyo wataalamu. Utafiti ukiharibika, kosa ni la dada jikoni! Sisi ndio tunaoamka, sisi ndio tunaotafuta watu chini ya nguzo za umeme, halafu anakuja mtu na viatu vinavyong'aa kutuita waviziaji. Na hao wanne, nani amewaona? Nimeambiwa wako hai na mtu yule yule anayeficha.

Masikio alinisindikiza mpaka mlangoni. "Bado anabana pumzi," alisema, bila kucheka.

*

Nilifika nyumbani na hasira zangu zote. Kaka alikuwa jikoni anamenya viazi, kazi anayoipenda kwa sababu kiazi hakidai mstari ulionyooka. Maganda yalikuwa manene, nusu ya kiazi inakwenda nayo. Mume wangu alikuwa mezani na gazeti. Nikaweka mkoba, nikaanza.

Niliwaeleza yote. Neno, kikohozi cha nesi, "wewe hasa", vidole vinne hewani. Niliigiza Kiswahili cha daktari, na siku nyingine wangevunjika mbavu. Hakuna aliyecheka. Mume wangu alikuwa anasoma ukurasa wa matangazo ya vifo, na gazeti amelishika kichwa chini.

"Eti wako hai," nikasema. "Eti waliacha kwa sababu ndugu zao waliwavizia. Mimi si mtoto wa kutishwa kwa hadithi. Kama wako hai, anionyeshe mmoja. Mmoja tu! Nimwone kwa macho yangu."

Kaka aliweka kisu chini.

"Mimi hapa," alisema.

Sikuelewa. Niligeuka nyuma kuona anaongea na nani, Mungu anisamehe. Nilidhani ni zile sauti.

"Mimi ni mmoja wao, mdogo wangu. Awamu ya kwanza nilikuwamo. Shemeji alikuwa msindikizaji wangu."

Nilimtazama mume wangu. Alikunja gazeti polepole, likawa dogo, likawa dogo zaidi.

"Dawa nilikuwa natoa mimi," nikasema. "Kwa mkono wangu."

"Ulikuwa unatoa," alisema mume wangu. "Kliniki walikuwa wanampa zenye nguvu ndogo. Zinafanana. Mimi nilizileta, wewe ukaziweka kabatini, wewe ukampa. Wakati ule kliniki walidhani unajua. Kosa hilo ni letu, si lao."

Nilimpa maneno ambayo hayawezi kwenda hewani, na Masikio mwenyewe asingejua aanzie wapi kukata. Nilimwambia amenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu. Nilimwambia angemuua ndugu yangu. Alikubali kila kitu kwa kichwa, na hilo likazidi kuniudhi.

"Usimgombeze shemeji," alisema kaka. "Mimi ndiye niliyemwomba. Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Na ningekuwa sahihi! Mwaka jana ulianza kuumwa tena, ulikuwa unaimba, ulikuwa unacheka peke yako..."

"Sikuwa naumwa." Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda shule. "Redio ilikuwa inachekesha. Na bafuni niliimba kwa sababu nilikuwa na furaha. Asubuhi ile kwa jirani, niliamka nikaona mikono imetulia. Nikaitazama muda mrefu. Nikatafuta brashi kabla haijabadili mawazo."

Nilikuwa bado nimesimama. Nikatafuta kiti kwa mkono, sikukipata.

"Kwa nini uliacha, basi?"

Aliokota kiazi, akakirudisha.

"Ulificha viatu vyangu," alisema. "Hilo nililivumilia. Ukafunga geti, nalo nikavumilia. Halafu siku moja nikakusikia umejifungia chooni unalia, umeweka kanga mdomoni nisisikie. Nikamwambia shemeji, nirudishieni dozi yangu. Heri mikono itetemeke kuliko huyu mtoto asilale."

Huyu mtoto ni mimi. Nina mvi.

Kile nilichokiita ugonjwa ndicho kilikuwa afya yake, na niliifukuza kwa mikono miwili, na ilipoondoka nikamshukuru Mungu. Niliona aibu. Na hata katikati ya aibu ile, nasema kweli yangu, sauti yangu ya ndani ilikuwa inauliza: je, kama anajidanganya? Je, kama furaha nayo ilikuwa dalili? Shaka haijui kuomba ruhusa.

Mume wangu alitoka nje kuangalia tangi la maji, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Kaka akaendelea kumenya. Nikavuta kisu cha pili nikakaa karibu naye, na viazi vile tulivimenya vyote, vikawa vingi kuliko watu wa nyumba.

*

Ijumaa tulikwenda kliniki, mimi na kaka, siku ya mwisho ya kujiandikisha. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza, viti vitatu na kalenda ya mwaka uliopita. Yule nesi alikuwa nyuma ya meza. Safari hii alinitazama moja kwa moja.

"Karibu, dada. Kule studio nilikujua kwa sura ya kaka yako. Sasa ameruhusu, naweza kuongea na wewe," alisema, na akanipa mkono.

Kisha akatoa kinasa sauti kidogo, akakiweka mezani mbele yangu. Wasindikizaji wote huhojiwa, alisema, maswali ni yale yale, na mgonjwa anakaa hapo hapo akisikia. Akabonyeza. Sijawahi kukaa upande ule wa kinasa sauti. Kiti cha upande ule ni kigumu.

"Akicheka peke yake, utafanya nini?"

"Nitamuuliza anacheka nini," nikasema.

"Asipotaka kukuambia?"

Nikafikiri. "Nitaumia," nikasema. "Lakini nitamwacha."

"Akiamka mapema kuliko wewe?"

"Nitajaribu kubaki kitandani." Kaka akatoa sauti puani, ilikuwa kicheko.

Nesi hakucheka. Aliuliza swali lililofuata kwa sauti ile ile ya kuuliza umri.

"Unamwogopa?"

Kwa kazi yangu nazijua njia zote za kulikwepa swali. Kuna kuomba lirudiwe. Kuna kusema "swali zuri sana." Kuna kucheka kidogo na kuzungumzia usingizi. Zote zilinijia, zikapanga foleni mdomoni. Kaka alikuwa ananitazama, wala hakuwa ananisihi, na mikono yake ilikuwa juu ya meza, haikufichwa, inatetemeka mbele ya kila mtu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni kaka yangu, nampenda, na namwogopa. Nikifungua mlango wa nyumba naogopa kwamba hayupo. Nikimkuta, naogopa kwamba yupo lakini si yeye. Akinyamaza naogopa. Hata sasa hivi."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nilisubiri kaka aumie. Mtu amwambie ndugu yake mbele ya mgeni kwamba anamwogopa, na maneno yanarekodiwa!

Kaka alishusha pumzi ndefu. Nadhani ndiyo pumzi aliyokuwa ameibana tangu nilipomkuta chini ya ile nguzo.

"Hata mimi najiogopa," alisema. "Kila nikiamka. Nilikuwa nadhani naogopa peke yangu."

Akaniwekea mkono wake juu ya wangu. Ulitetemeka, na wangu ukatetemeka pamoja nao, haikujulikana ni upi ulioanza.

Nesi akauliza swali lake la mwisho, kama bado tunataka kuingia. Kaka alinigeukia akaningoja mimi. Nami, ambaye sijawahi kumwamini mtu siku nzima bila kumchungulia, nikasogea karibu na kinasa sauti nikasema, "Tunataka."